SOMO: Kuwasha kuni zenye unyevu kwenye jiko la ndani bila kujifukiza moshi wala kuunguza bomba

Wakuu habari. Kila mvua zikishika huku Njombe naulizwa swali lilelile kwenye simu, dukani, mpaka nje ya kanisa: "Kuni zimelowa, nafanyaje?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Nazungumzia jiko la ndani lenye mlango, tundu la hewa na bomba la kutoa moshi nje, liwe la chuma au la matofali. Wenye mafiga, hatua ya 1 hadi ya 3 zinawahusu pia.

1. Jua una kuni gani. Kuni kavu iliyonyeshewa imelowa juu juu tu. Ipasue, iweke penye upepo chini ya paa, siku mbili tatu inarudi. Kuni mbichi ni habari nyingine. Mlingoti (mkaratusi) uliokatwa juzi, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukibeba kilo 10 umebeba maji kama kilo 5 hivi. Huo unataka miezi, usiudanganye. Gonga vipande viwili: vikavu vinalia kwa ukali, vibichi vinatoa mdundo mzito. Angalia na ncha zake kama zina nyufa.

2. Pasua nyembamba, bandua gome. Unene usizidi kifundo cha mkono. Gome ndilo linaloshika maji ya mvua.

3. Washa kwa kikavu. Magunzi, vibanzi vya paini, maranda ya kwa fundi. Mafuta ya taa, petroli na mifuko ya plastiki: hapana.

4. Tengeneza makaa kwanza. Tundu la hewa wazi lote. Kuni kavu ziwake mpaka uone makaa mekundu yametanda chini, ndipo uingize kipande kimoja chenye unyevu katikati ya viwili vikavu. Kikishika, ongeza kingine. Ukijaza vitano kwa pamoja umezima moto.

5. USIBANE HEWA. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mtu anaona kuni mbichi inakwenda polepole, anafurahi, anafunga tundu ili ifike asubuhi. Anadhani anabana matumizi. Tupige hesabu kidogo: kuchemsha kilo 1 ya maji mpaka yote yawe mvuke kunakula megajuli 2.6 hivi, na kilo 1 ya kuni iliyokauka kabisa inatoa kama 18. Kwa hiyo maji yanakula joto, ndiyo, lakini siyo hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ni kwamba moto unapoa, na moto uliopoa hauchomi moshi wake. Ule moshi mzito ni kuni yako inayotoka nje bila kuungua. Ukifika juu kwenye bomba la baridi unagandia humo, kwanza masizi, halafu utomvu mweusi, mwisho lami ngumu inayong'aa. Na lami hiyo inawaka. Siku utakapowasha moto mkali wa kuni kavu, inashika ndani ya bomba, linanguruma kama lori linapanda mlima, na bati lililo karibu nalo linageuka rangi. La kwangu lina doa hilo mpaka leo.

Kwa hiyo kuni ikiwa na unyevu, moto uwe mdogo, mkali, wenye hewa ya kutosha. Usiku uache uishe wenyewe, asubuhi washa upya.

Bomba likishika moto: funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, toa watu nje, piga Zimamoto 114. Usimwage maji kwenye bomba, chuma cha moto kinapasuka na mvuke unakurudia usoni. Hata ukizima, usiwashe tena mpaka bomba likaguliwe lote.

Kuna hatari nyingine isiyo na harufu. Moto uliobanwa unatoa gesi ya sumu, kaboni monoksaidi, na bomba lililojaa masizi linairudisha ndani. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na hasa kama mmeanza wote mlio chumbani, msisubiri chai. Tokeni nje, kisha hospitali.

6. Kuni za kesho zikauke karibu na jiko, siyo juu yake. Acha nafasi ya mita moja, na usiziache hapo ukienda kulala. Kichanja cha juu ya moto kinakausha vizuri sana, mabibi zetu walijua, lakini kiwe juu haswa na usikijaze.

7. Safisha bomba. Msimu wa kuni mbichi, angalia kila mwezi. Masizi yakifika unene wa milimita 3, fagia. Jiko liwe limepoa kabisa.

8. Majivu: ndoo ya bati, nje ya nyumba. Yanaficha makaa hai hata siku ya pili.

Maswali yaje. Someni kwanza.

---

shoka_butu: Mkuu mimi nikilala naacha tundu wazi kidogo tu ili moto ufike asubuhi. Hiyo iko sawa?

Jibu: Hatua ya 5.

shoka_butu: Nimesoma. Ila miaka yote nafanya hivyo na nyumba ipo.

Jibu: Hongera. Kesho jiko likiwa limepoa, fungua kofia ya bomba, mulika ndani kwa tochi, uje utuambie umeona nini.

Mama Pacha: Kaka asante kwa somo. Nina swali la udadisi tu: kwa nini kuni mbichi inatoa povu kwenye ncha na siyo ubavuni?

Jibu: Swali zuri sana dada. Mti ulipokuwa hai ulipandisha maji kwa vijibomba vyembamba vinavyokwenda kwa urefu wake. Ukiuweka motoni, maji ya ndani yanageuka mvuke, mvuke unasukuma maji yaliyobaki, na njia rahisi ni vijibomba hivyohivyo, vinavyoishia kwenye ncha. Ndiyo maana kuni fupi hukauka haraka kuliko ndefu: ncha nyingi, safari fupi. Kata ziwe fupi zaidi ya unavyofikiri. Na kama una mizani, chagua kipande kimoja, kiandike uzito kwa chaki, kipime kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, rundo liko tayari. Hakuna kubahatisha.

Mama Pacha: Hii ya chaki nimeipenda. Rundo nilifunike na turubai?

Jibu: Juu tu. Ubavuni acha wazi upepo upite, na chini inua kwa mawe au mabanzi. Ukilifunika lote unyevu unakosa pa kutokea, utakuta ukungu.

Kijiweni Fundi: Napata vipande vya nguzo za umeme bure, vikavu kabisa, vina rangi ya kijani kwa mbali. Vinafaa kuwashia?

Jibu: Usithubutu. Ukijani huo ni dawa ya kuzuia mchwa, na dawa zile nyingi zina arseniki. Moshi wake ni sumu, majivu yake ni sumu, usiyatupe hata bustanini. Mabanzi ya kiwandani ambayo hayajatiwa dawa, sawa.

Mgeni Makete: Baridi ya huku mwezi wa saba siyo mchezo. Jiko liko jikoni, sisi tunalala chumba kingine. Nikihamishia makaa kwenye karai, moshi ukiisha, naweza kuingiza chumbani?

Jibu: Hapana. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayoua watu usingizini. Ongeza blanketi, pasha maji uweke kwenye chupa uifunge vizuri, au mhamie jikoni kuota moto kabla ya kulala. Karai lisivuke mlango wa chumba.

shoka_butu: Nimerudi. Nimemulika. Nyeusi, inang'aa, kucha haiingii.

Jibu: Umefanya vizuri kuangalia. Usiwashe. Lami ya hivyo brashi haiitoi, na usijaribu "kuiunguza iishe" kama wanavyoshauri wengine. Bomba la bati ni bei nafuu kuliko paa, badilisha vipande vyote vilivyoganda. Ukifunga jipya, kwenye kila kiungo ncha nyembamba ya kipande cha juu ielekee chini na iingie ndani ya kipande cha chini, ili utomvu urudi jikoni badala ya kuchuruzika ukutani.

shoka_butu: Sawa mkuu. Samahani kwa ubishi.

Mwana Ludewa: Mwati na mlingoti, kipi kinafaa zaidi?

Jibu: Mwati, kwangu. Unashika vizuri na makaa yake yanadumu. Mlingoti una joto lakini upasue ukiwa bado mbichi, ukikauka unavunja mipini. Paini ni wa kuwashia tu, una utomvu.

Mwana Ludewa: Mpini wa shoka ni mti gani mzuri?

Jibu: Fungua mada nyingine ndugu yangu, nitakuja.