Jinsi ya kutoa mitokondria zikiwa bado hai kwenye ini la panya

Wengi wanaoanza hii kazi wanahangaika na kiasi, yaani wanataka tyubu ijae, na mi nakwambia mapema kabla hujashika mkasi kwamba kiasi siyo shida kabisa, ini moja la gramu kumi hivi linakupa mitokondria (vile viungo vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nishati) za siku nzima na nyingine utazimwaga. Shida ni ule utando wa ndani wa mitokondria. Ukishapasuka unabaki na vimeng'enya ambavyo bado vinakula oksijeni vizuri tu, grafu ya oksijeni inashuka, unafurahi, kumbe hakuna ATP, ile nishati ambayo seli inatumia, inayotengenezwa hapo.

Mwanasayansi Mwingereza Peter Mitchell alilieleza hili 1961: protoni zinasukumwa nje ya utando wa ndani alafu zinarudi kwa kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP, ni kama bwawa la Masinga, maji yakipita kwenye mitambo unapata umeme ila ukuta ukitoboka maji yanashuka na taa haziwaki. Alipingwa miaka mingi mpaka akapewa Nobel 1978. Kwa hiyo kila hatua huku chini jiulize swali moja tu, je hii inalinda ukuta?

Anza na bafa, maji yenye kutunza pH, siku moja kabla. Sukrosi (sukari ya kawaida) 250 mM, yaani milimoli kwa lita, ambazo ni gramu 85.6 kwa lita, Tris inayotunza pH 10 mM, EGTA 1 mM, pH 7.4. Hiyo pH ipime bafa ikiwa baridi kabisa kwa sababu Tris inabadilika na joto, ukiiweka 7.4 kwenye nyuzi 25 ukienda nayo kwenye barafu inapanda karibu na 8. EGTA usiiache hata kama imebaki kidogo stoo, kazi yake ni kushika kalsiamu inayotoka kwenye seli ukishazivunja, maana mitokondria zinaivuta hiyo kalsiamu ndani zinavimba na kupasuka. Na sukari siyo mapambo, zamani watu walitumia maji ya chumvi na mitokondria zikawa zinagandana, mpaka watafiti Hogeboom, Schneider na Palade walipotumia sukrosi 1948 ndio zikatoka zikiwa na umbo lake.

Vyombo. Usioshe kwa sabuni, naomba unielewe hapa, mabaki ya sabuni ambayo huyaoni kwa macho yanayeyusha utando, kwa hiyo tenga vyombo vya kazi hii peke yake, visuuze kwa maji ya moto mara nyingi na umalizie na maji yaliyotoneshwa, na ukiweza andika juu yake VYA MITOKONDRIA ili mwenzako asivichukue.

Panya alale bila chakula ila maji awe nayo, ini linakuwa na glaikojeni (akiba ya sukari) kidogo na kazi inakuwa safi. Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi na anayemuua awe amefundishwa ili mnyama asiteseke, hilo halina mjadala. Ini likitoka liende moja kwa moja kwenye bika yenye bafa iliyokaa kwenye barafu, usisimame kuongea na mtu, kata vipande vidogo kwa mkasi na ubadilishe bafa mpaka damu iishe.

Kusaga tumia kinu cha kioo chenye mchi wa tefloni, wenyewe wanakiita Potter-Elvehjem. Shusha mchi mara nne mpaka sita basi. Unapoupandisha nenda polepole, ukivuta kwa nguvu unatengeneza ombwe chini yake na hilo ombwe linapasua mitokondria kuliko hata msuguano wenyewe. Vipande vichache vikibaki havijasagika viache, hapa ndipo wale wa kutaka kiasi wanapoharibu.

Kwenye sentrifuji zungusha kwanza 600 g dakika kumi kwenye nyuzi 4, chini zinabaki nyuklia na seli nzima, chukua maji ya juu uzungushe 10,000 g dakika kumi, sasa mashapo ya kahawia ndio mitokondria zako. Angalia, g ni mara ngapi ya mvutano wa dunia, siyo mizunguko kwa dakika! Rota zinatofautiana: kwa rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 10 hiyo 600 g ni kama mizunguko 2,300 na 10,000 g ni kama 9,450, ya kwako ikiwa tofauti piga hesabu yako usikopi namba ya mtu. Juu ya mashapo utaona tabaka jeupe jeupe laini, hizo ni zilizovunjika pamoja na mafuta, ziondoe kwa pipeti, na mafuta yaliyoganda kwenye ukuta wa tyubu yafute kwa karatasi laini kwa sababu asidi za mafuta zinapitisha protoni kwenye utando, ni kutoboa bwawa kwa njia nyingine. Osha mara moja au mbili kwa kuzungusha tena. Mwisho ziweke kwenye bafa kidogo sana ziwe nzito kama uji, zikiwa nzito zinakaa vizuri zaidi, na pipeti unayotumia ikatwe ncha iwe na tundu kubwa. Zikae kwenye barafu na uzitumie ndani ya saa nne tano. Usigandishe kwenye friza, barafu inazipasua.

Sasa kupima. Utatumia elektrodi ya oksijeni ya Clark, kifaa kinachopima oksijeni iliyomo kwenye maji, ile ya miaka ya 50 ambayo mpaka leo inafanya kazi. Kwenye chemba weka bafa ya kupimia yenye fosfeti, maana bila fosfeti ATP haitengenezeki, alafu mitokondria, alafu glutameti na maleti ambazo ndio chakula chao, oksijeni itashuka taratibu. Dunga ADP, malighafi ya ATP, kwa sirinji ndogo. Mstari unaanguka ghafla, hiyo ni hali ya 3, ADP ikiisha unarudi kuwa wa taratibu, hiyo ni hali ya 4, majina ni ya Chance na Williams wa 1955. Gawanya kasi ya hali ya 3 kwa kasi ya hali ya 4. Kwa glutameti na maleti ini zuri linakupa 6 na kuendelea, mi ikishuka chini ya 3 namwaga zote naanza upya kesho, sijawahi kujutia kumwaga ila kutumia mbovu nimeshajutia.

Kitu kilichonisumbua miezi ni hiki. Tulikuwa tunafanyia kazi Nairobi, uwiano wetu mzuri, 7 na zaidi, lakini ukigawanya ADP kwa oksijeni iliyoliwa tunapata 2 badala ya 2.5 inayotakiwa. Tukabadilisha bafa, tukabadilisha ADP, tukalaumu panya. Kumbe hesabu ya oksijeni tulikuwa tunatumia 258 µM (mikromoli kwa lita) kwa nyuzi 25 kama ilivyo kwenye majedwali, na hiyo namba ni ya usawa wa bahari! Nairobi iko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, maji yanashika kama 210 tu. Uwiano wa 3 kwa 4 haukuonyesha kosa kwa sababu juu na chini vyote vimezidishwa na namba ileile. Aliye Dar au Mombasa hana tatizo hili, ila wa Nairobi, Arusha, Kigali, pima mgandamizo wa hewa wa siku hiyo na ufanye hesabu. Na ukipata 5 badala ya 2.5 usishangilie, umegawanya kwa molekuli za oksijeni badala ya atomu.

Ukishatumia sumu za majaribio kama rotenoni au oligomaisini osha chemba kwa ethanoli mara kadhaa, hizo sumu zinang'ang'ania plastiki na zitaua sampuli inayofuata bila wewe kujua.

Kama huna panya kabisa, nenda machinjioni. Maabara ya mtafiti David Green kule Madison, Marekani, ilitumia mioyo ya ng'ombe, na ni humo kwenye mitokondria za moyo Fred Crane alipoipata koenzaimu Q, inayobeba elektroni, mwaka 1957. Ongea na mchinjaji jana yake, nenda na ndoo ya barafu mwenyewe, moyo uingie humo mara tu ukitolewa, alafu uondoe mafuta yote kabla ya kusaga. Moyo ni mgumu kuliko ini, unahitaji mashine ya kusagia nyama kwanza, na una asidi ya laktiki nyingi inayoshusha pH ya bafa yako, kwa hiyo ukiwa unasaga weka KOH tone tone huku unapima mpaka irudi 7.4 au juu yake kidogo ndio upeleke kwenye sentrifuji.