Somo: Kupanga safari ya mitumbwi na kambi kwenye maziwa ya kaskazini mwa Minnesota

Wakuu, heshima kwenu. Tangu turudi Julai nimeulizwa mara nyingi ile safari tuliipangaje, basi naiandika yote mara moja.

Eneo lenyewe ni Boundary Waters, ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, Marekani, mpakani na Kanada. Ni zaidi ya eka milioni moja na maziwa zaidi ya 1,000. Huko ndani hakuna duka, na injini zinaruhusiwa kwenye maziwa machache tu. Unapiga kafi hadi maji yaishe, unautoa mtumbwi majini, unaubeba begani hadi ziwa linalofuata. Huko kubeba ndiko wageni hukudharau. Mara ya kwanza sisi tulikaa na ramani tukatazama rangi ya bluu peke yake, na siku ya pili mgongo ulitujibu.

Hatua ya 1: Kibali

Kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba kila lango la kuingilia lina idadi yake ya vikundi kwa siku. Nafasi hukatwa kwenye tovuti ya Recreation.gov, na hufunguliwa mwishoni mwa Januari. Usisubiri joto lianze ndipo uombe. Ada ni dola 16 kwa mtu mzima kwa safari nzima, na dola 6 za kuweka nafasi. Kikundi kisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Andika pia majina ya akiba ya viongozi, maana kiongozi akiugua na hakuna jina jingine, kibali hakichukuliwi.

Hatua ya 2: Hesabu nchi kavu kwanza

Kwenye ramani za huko vipande vya kubeba hupimwa kwa rodi. Rodi moja ni kama mita 5, karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Kipande cha rodi 180 ni mita 900 hivi. Sasa fikiria: kama mzigo haubebeki kwa mkupuo mmoja, unakwenda, unarudi mikono mitupu, unakwenda tena. Hizo ni kilomita 2.7, tena kwenye mawe, mizizi na matope. Kwa kikundi kipya ningechagua njia ambayo jumla ya rodi kwa siku haizidi 200, hata kama maziwa yake hayana sifa kubwa.

Hatua ya 3: Mzigo

Makopo na chupa za glasi ni marufuku kwa chakula na vinywaji. Rafiki yetu mmoja alikuja na achari kwenye chupa. Tukaihamishia kwenye mfuko wa plastiki pale pale kwenye maegesho, na begi lake lilinukia siki hadi tunarudi. Chukueni vitu vikavu: mchele, dengu, shayiri, unga. Nguo pea mbili zinatosha, moja ya majini na moja kavu ya kulalia, na hiyo ya kulalia usiivae mchana hata kama unatetemeka.

Ukikodi mtumbwi, lipia ule wa kevlar, yaani wa nyuzi nyepesi na imara. Una kilo kama 20. Wa alumini unapita 30. Kwingine kote bana matumizi, hapa usibane.

Hatua ya 4: Kuunyanyua mtumbwi

Hapa tulipoteza muda mwingi, kwa hiyo soma taratibu. Simama ubavuni, katikati kabisa. Shika ukingo wa karibu kwa mikono miwili, uupandishe mtumbwi mapajani, tumbo lake likulalie na uwazi wake utazame mbele. Tulia hapo, pumua. Kisha nyoosha mkono mmoja ushike ukingo wa mbali. Kwa pamoja goti linasukuma, mikono inazungusha, na mtumbwi unageuka juu ya kichwa chako hadi nira, ule ubao wa katikati wa kubebea, itue mabegani. Siri iko kwenye goti. Anayetumia mikono peke yake anauinua mara moja, mara ya pili anaomba msaada.

Ukishaubeba huoni mbali, unaona miguu yako na hatua chache za njia. Mwenzako atangulie akitaja mawe na matope.

Hatua ya 5: Majini

Wa omo (mbele) anatia nguvu, wa tezi (nyuma) anaongoza. Mwenye mabavu zaidi si lazima akae tezi. Mweke mwenye subira. Tokeni saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu upepo huzidi kadiri jua linavyopanda, na ziwa refu lenye upepo wa mbisho, unaokukabili usoni, halina mzaha. Sisi tuliwahi kukaa juu ya jabali kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni tukitazama mawimbi. Tulicheza karata, tukalala, tukagombana kidogo.

Hatua ya 6: Kambi

Mnalala kwenye maeneo yaliyotengwa tu, yale yenye wavu wa chuma wa kuwashia moto. Ukiona pana watu, endelea. Vyombo vioshwe angalau futi 150 kutoka majini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, dubu wapo?
Wapo, dubu weusi, na wanachotaka ni chakula. Tangu 2024 kanuni zinadai chakula kiwe kwenye chombo ambacho dubu hawezi kukifungua, au kining'inizwe angalau futi 12 kutoka ardhini na futi 6 kutoka kwenye shina. Sisi tulikodi chombo. Kutafuta tawi linalofaa gizani ni adhabu. Dawa ya meno nayo iingie humo.

Kaka, mimi sijui kuogelea. Nije?
Njoo, ila jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kufungwa, lisiwe la kukalia. Sheria ya Minnesota inataka kila aliye chomboni awe na la kwake. Ambaeni na ufuko, msikate katikati ya ziwa. Mtumbwi ukipinduka, ushike. Hauzami upesi na unaonekana kuliko kichwa chako. Mwezi Mei usije, maji bado ni ya baridi mno.

Mbu je?
Juni wanakula watu, wao pamoja na nzi weusi wadogo. Agosti wanapungua sana. Beba neti ya kichwani, usione aibu.

Tunaweza kuvua na kunywa maji ya ziwa?
Kuvua, mwenye miaka 16 na kuendelea akate leseni ya jimbo. Maji yachujwe au yachemshwe, hata yakiwa meupe kama kioo. Giardia, kimelea cha kuharisha, haionekani kwa macho.

Samahani dada zako tunauliza: choo?
Swali la msingi, dada. Kila kambi ina sanduku lenye tundu, ndani kidogo ya msitu, halina ukuta wala paa. Utaratibu wetu ulikuwa huu: anayekwenda anaegemeza kafi lake kwenye mti wa kwanza wa kijia. Ukilikuta kafi, subiri.