Kabla ya Kipupwe: Kuandaa Tangi la Samaki Dhidi ya Madoa Meupe

Joto la mchana la Dodoma linadanganya. Mwezi Juni na Julai jua linawaka vizuri tu, lakini alfajiri baridi ni kali, na tangi dogo lililo karibu na dirisha linapoa nyuzi kadhaa kwa usiku mmoja. Gapi na samaki wengine wa maji ya joto wakipitia hali hiyo siku baada ya siku, kinga yao inashuka. Ugonjwa wa madoa meupe unapenda hapo hapo. Kwa hiyo, kabla hata ya kufikiria dawa, nunua kipimajoto na hita. Kadiria wati 1 kwa kila lita ya maji. Umeme ukikatika usiku, zungushia tangi blanketi, ila juu pabaki pa kupitisha hewa.

Andaa pia beseni kubwa au tangi la akiba, lenye pampu yake ya hewa na wavu wake. Samaki aliyesafirishwa kwenye mfuko wa plastiki kutoka Dar es Salaam anafika amechoka, na anaweza kuwa na vimelea ambavyo bado havionekani. Mtenge wiki 3 au 4. Najua inauma kusubiri ukiwa na samaki mzuri mkononi, lakini hakuna kinga nyingine inayofikia hii.

Jifunze kuwasoma samaki wako wakiwa wazima, hasa saa ya kula. Mgonjwa huanza kujikuna kwenye mawe, hubana mapezi, hupumua haraka na kususa chakula. Baadaye ndipo vinatokea vidoa kama punje za chumvi, kila kimoja hakizidi milimita 1. Wakati mwingine vimelea hushambulia matamvua kwanza, na samaki anakufa ngozi ikiwa safi. Ila usimtibu dume la samaki wa dhahabu kwa sababu tu ana vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mbele wa mapezi ya ubavuni. Kama anakula na kuchangamka, hizo ni dalili za kupevuka.

Sasa elewa kimelea chenyewe, Ichthyophthirius multifiliis, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteza samaki. Kinapokuwa chini ya ngozi, dawa haikifikii. Kikishakua hudondoka chini ya tangi, hujifunika utando, kisha hugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki. Visipompata ndani ya siku 2 hivi, vinakufa. Dawa inaua hivyo vichanga tu. Kwenye nyuzi 25 mzunguko mzima huchukua kama wiki moja. Maji yakiwa baridi, wiki kadhaa. Madoa yakitoweka siku ya nne, basi, vimelea vimeshuka chini kuzaana. Ukiacha dawa siku hiyo, vitarudi vingi zaidi.

Kwa samaki wa maji ya joto, pandisha joto nyuzi 1 au 2 kwa siku hadi 28 au 30, na uongeze hewa, kwani maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Chumvi ya kawaida, gramu 2 kwa lita, inasaidia: iyeyushe kwanza, uigawe kwa siku 2. Tangi la lita 60 litahitaji gramu 120, kwa hiyo weka mzani mdogo karibu. Ukitumia dawa ya malakaiti ya kijani, toa mkaa kwenye chujio na ufuate kipimo cha kwenye chupa. Kambale na wenzake wasio na magamba huumizwa nayo upesi, na isiguse kabisa perege unaofuga kwa kula. Dawa za shaba zinaua konokono.

Badilisha sehemu ya maji kila baada ya siku moja au mbili, ukifyonza uchafu wa chini. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza. Ukiongeza maji mapya, ongeza chumvi ya kiasi hicho cha maji tu. Endelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kuondoka. Nyavu na mipira ya kufyonzea maji ianike juani ikauke kabisa kabla ya kuitumia kwenye tangi jingine.