Somo: Kuchagua miwani ya jua ya staili ya rock bila kuumiza macho

Habari zenu ndugu zangu, tangu niweke picha nikiwa na ile miwani nyeusi mmeniuliza sana, haya leo naandika yote.

Kwanza amua unataka sura ipi. Ile ya duara ya waya ni ya John Lennon wa bendi ya Beatles, aliianza 1966 akicheza filamu na hakuiacha tena. Ile nene ya plastiki yenye kona juu ni Wayfarer ya Ray-Ban, ya miaka ya 50, mwanamuziki Bob Dylan kaivaa sana. Uso wa duara kama wangu unapendeza na ya kona.

Pili soma ndani ya mkono wa miwani, utakuta kitu kama 50-22-150. Hizo ni milimita, upana wa lenzi, nafasi ya pua, urefu wa mkono. Linganisha na miwani inayokukaa vizuri.

Tatu, hapa nawaomba sana mnisikilize. Weusi wa lenzi SIO kinga. Nyuma ya lenzi nyeusi mboni inafunguka, sasa kama haizuii UV (miale ya jua isiyoonekana inayoumiza macho), miale hiyo inaweza kuingia zaidi kuliko ungekaa bila miwani. Mimi nilinunua moja nyeusi tii hapa Kampala, nikawa naivaa kwenye boda kila siku, jioni macho yanawaka kama nimepakwa pilipili. Kibandiko cha UV400, yaani cha kudai lenzi inazuia UV, mtu yeyote anabandika, kwa hiyo nenda kwa mwenye ile taa ya UV ya kukagulia noti bandia, weka noti chini yake uone alama zinavyong'aa, halafu pitisha lenzi katikati ya taa na noti, wewe angalia kwa pembeni. Mng'ao ukizimika, chukua. Ukibaki vilevile, mrudishie mwenyewe.

Nne bawaba. Fungua funga mara kumi, ikilegea ni skrubu, kaza kisha dondoshea tone la rangi ya kucha isiyo na rangi.

MASWALI

Sokoni Owino naweza kupata orijino?
Dada, fremu nzuri zipo kwenye mitumba, jina tu usiliamini. Lenzi ikiwa na mikwaruzo badilisha.

Polaroidi si ndo hiyo hiyo UV?
Hapana kaka. Polaroidi inakata mng'ao wa maji na lami, ukiwa ziwani Entebbe utaipenda. Ishike mbele ya skrini ya simu uizungushe taratibu, ikifika mahali skrini inakuwa nyeusi, ni yenyewe.

Mimi ni wa boda, nichukue nyeusi kiasi gani?
Kategori 3 (kategori ni kipimo cha giza la lenzi, namba kubwa ni giza zaidi), mchana tu. Kategori 4 haifai barabarani hata jua likiwa kali, na usiku vua kabisa tafadhali.

Mimi naona kwa miwani ya daktari, basi staili hii sio yangu?
Ni yako mzee wangu! Mwimbaji wa rock Roy Orbison macho yake yalikuwa mabovu, ile miwani yake nyeusi ilikuwa na lenzi za kuonea. Nunua fremu imara, mpelekee fundi wa miwani na namba zako za macho alizokupa daktari, mwambie lenzi za giza zenye UV.