Kuchapa stika za baakodi kutoka databesi ya duka, kwa idadi unayotaka tu

Wenye maduka ya leso pale Biashara Street na kwengineko hapa Mombasa, wacheni kuagiza maboksi ya stika zilizochapwa tayari. Bei ikibadilika zote zinakuwa takataka, na mzigo mpya ukija unakuta stika ulizonazo si za mzigo huo. Njia nzuri ni databesi, yaani orodha ya bidhaa iliyo kwa kompyuta, ndio iwe bosi, ukipokea doti 40 zinatoka stika 40, basi.

Tuanze na databesi manake hapo ndipo kila kitu kinaharibika. Programu ya databesi iitwayo SQLite inatosha kwa duka moja na ni bure, ukiwa na matawi weka nyingine, MySQL. Tengeneza jedwali la bidhaa lenye kodi (namba ya bidhaa, ile ya kwenye baakodi), jina, rangi, bei. Leso yenye jina moja ikija rangi tatu ipe kodi tatu, usione uvivu, la sivyo hutajua ni ile nyekundu imekwisha au ni ya samawati. Halafu kodi ihifadhiwe kama maandishi na si kama namba. Ukipitisha kwa Excel kama namba, tarakimu 13 zinageuka 2E+12 na sifuri za mbele zinapotea, na hapo skana itasoma sawa lakini mashine ya kaunta haitapata kitu.

Bei nayo usiifiche ndani ya baakodi. Baakodi ni kitambulisho tu, bei inatafutwa kwa databesi wakati wa kuuza.

Bidhaa iliyokuja na baakodi yake kiwandani usibandike nyingine juu, iskani hiyo hiyo uingize kwa databesi. Zisizo nazo, kama leso nyingi, tumia EAN-13, yaani baakodi ya tarakimu 13, inayoanza na 20, hizo zimetengwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Zile zinazoanza na 616 zinatolewa na GS1 Kenya, shirika la namba za baakodi, utazihitaji siku ukitaka bidhaa yako iuzwe supamaketi. Tarakimu ya 13 ni ya kukagua: chukua 12 za kwanza, zidisha kwa 1, 3, 1, 3 hivyo hivyo mpaka mwisho, jumlisha, halafu angalia imebaki ngapi kufika kumi inayofuata. Mfano 200000000123, jumla ni 16, imebaki 4, kwa hivyo kodi kamili ni 2000000001234.

Sasa foleni, yaani stika zinazongoja kuchapwa. Tengeneza jedwali la pili, liite foleni, lina id, kodi, idadi na imechapwa. Mzigo ukipokelewa unaingia hapo na imechapwa ikiwa 0, yaani bado. Skripti ndogo ya Python inasoma hivi:

SELECT f.id, b.kodi, b.jina, b.bei, f.idadi FROM foleni f JOIN bidhaa b ON b.kodi = f.kodi WHERE f.imechapwa = 0;

Kwa kila mstari inajaza kiolezo hiki na kukituma kwa printa:

^XA
^FO20,10^A0N,26,26^FDJINA^FS
^FO60,42^BY3^BEN,80,Y,N^FDKODI12^FS
^FO60,165^A0N,28,28^FDKSh BEI^FS
^PQIDADI
^XZ

Hii ni ZPL, lugha ya printa za Zebra na nyingine nyingi zinaielewa, za TSC zina TSPL yao lakini wazo ni lile lile. Vipimo ni vya stika ya milimita 50 kwa 25 na printa ya dpi 203, yaani nukta 8 kwa milimita. KODI12 ni tarakimu 12 tu, ya 13 printa inajiwekea. Hapo kwa BY3, ambayo ni unene wa mistari kwa nukta, usishuke 2 ili upate nafasi ya maneno, mistari inakuwa myembamba kuliko kipimo cha EAN na skana za bei rahisi zinaanza kusumbua, na pembeni pia acha peupe. Printa ya mtandao unaitumia moja kwa moja kwa IP yake, poti 9100.

Weka imechapwa = 1 baada ya kila mstari kutumwa, usingoje mpaka mwisho wa foleni. Stima ikipotea katikati, na hapa kwetu inapotea, ikirudi skripti itaendelea ilipoachia, na ile mistari ya mwisho iliyotumwa ndio utahesabu stika zake kwa mkono, manake printa huenda ilikuwa haijamaliza kuichapa.

Kuhusu karatasi, hapa ndipo joto letu linaingia. Printa zisizotumia wino zinachapa kwa joto, sasa leso ukiitundika nje juani baakodi inafifia, na ukiacha roli ndani ya gari lililoegeshwa juani inaweza kuwa nyeusi yote. Kwa vitu vya kukaa nje chukua printa ya riboni (utepe wa wino), riboni ya nta inatosha kwa karatasi, lakini chupa za marashi na mafuta ya nazi zinataka stika ya plastiki na riboni ya resini, ile ya nta inafutika ukiipangusa tu. Gharama iko juu kidogo lakini kwa pwani mimi naona ni lazima.

Ukibadilisha saizi ya roli kalibreti printa kwanza, yaani iache ipime stika upya, la sivyo maandishi yanahama mpaka stika ya pili. Chapa moja, ipime kwa skana ya kaunta, angalia imeleta jina na bei sawa, ndio uachilie foleni yote.