Mkimbiaji asiyeona na kiongozi wake: namna ya kuwafundisha wakimbie kama timu

Mwongozo huu ni wa kocha anayeanza. Shikilia jambo moja tangu siku ya kwanza: mbio ni za mwanariadha. Kiongozi ni macho yake, na mwendo anaufuata, haupangi.

1. Chagua kiongozi mwenye akiba ya pumzi. Wanariadha wa daraja la T11, wasioona kabisa au karibu kabisa, hukimbia na kiongozi. Wa T12, wanaoona kidogo sana, wana hiari ya kuwa naye. Wa T13, wanaoona zaidi ya hao, hukimbia peke yao. Kwa mbio za kati na ndefu, kiongozi aweze kuzungumza bila kuhema katika kasi ya mashindano ya mwenzake. Kwenye Michezo ya Paralimpiki mjini Sydney mwaka 2000, Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona wa Kenya, alikuwa akiongoza mita 5,000 pale kiongozi wake, aliyekuwa ameugua, alipoishiwa nguvu. Ikabidi Wanyoike ndiye amsaidie kufika mwisho, na bado akatwaa dhahabu. Usimtwishe mwanariadha wako mzigo huo.

2. Mtembeze uwanjani. Aguse ukingo wa ndani, asikie kwa nyayo pale kona inapoanza, ashike vibao vya kuanzia mbio. Nawasihi makocha wasiiruke hatua hii. Anayeujua uwanja hunyoosha mguu bila woga.

3. Fundisha mikono kwanza. Tumia kamba fupi isiyonyumbuka. Wasimame bega kwa bega, kila mmoja ashike upande wake, wapunge mikono papo hapo bila kusogea. Mikono iliyoshika kamba huenda mbele pamoja, kwa hiyo miguu ya nje hutangulia pamoja, kisha ya ndani, kama mtu na kioo chake. Wakishazoea, watembee, halafu wakimbie polepole. Kamba ikikazwa ghafla, mmoja amepoteza hatua: warudi kwenye kutembea.

Ukitaka kumrekebisha kiwiko au goti, mwombe ruhusa kabla ya kumgusa, umwambie unagusa wapi. "Fanya hivi" haimfai kitu. Sema: "Kiwiko kirudi nyuma hadi mkono uguse nyonga."

4. Kubalianeni maneno. Yawe mafupi, na achague mwanariadha mwenyewe: "kona", "nyoosha", "mia ya mwisho". Neno litoke hatua chache kabla ya jambo lenyewe, maana likichelewa mguu umeshakwenda. Kwenye kona, aliye nje ana njia ndefu zaidi. Kiongozi akiwa upande huo arefushe hatua zake, asimsukume mwenzake ndani.

5. Zoezeni kumaliza. Kanuni ni kali: kiongozi akimvuta au kumsukuma mwanariadha, au akitangulia kuvuka mstari, wanaweza kuondolewa. Fanyeni mita 60 za mwisho mara nyingi, miguu ikiwa imechoka, kiongozi akirudi nyuma kidogo huku kamba ikibaki legevu. Aendelee kuzungumza hata baada ya mstari, mpaka mwenzake asimame salama.