Mazoezi ya zimamoto wa kujitolea: mtungi wa gesi, makuti na kisima

Gari la KZU (Kikosi cha Zimamoto na Uokozi Zanzibar) halipiti kila kichochoro cha Mji Mkongwe, na huko shamba linaweza kuchelewa kufika. Kwa hiyo vijana wa shehia wafunzwe kazi ya dakika kumi za mwanzo. Kundi la watu 12 linatosha, na kila mtu awe na mwenzake. Siku ya kuwasha moto wa mazoezi, ombeni ofisa wa KZU asimamie.

Anzeni na gesi. Chukueni mitungi mitupu ya aina mbili: ule wa kilo 6 wenye jiko lake juu na ule mkubwa wa regyuleta, maana haifungwi namna moja. Kila mmoja afunge akiwa amefumba macho, mkono umezungushiwa gunia bichi, mpaka vidole vizoee. Moto ukiwa unawaka kwenye mpira, dawa yake ni kufunga gesi. Ukiuzima kwa poda huku gesi inatoka, gesi ni nzito kuliko hewa: itatambaa sakafuni mpaka ikutane na jiko la jirani, na hapo utalipuka mtaa. Ikishindikana kufunga, toeni watu wote, mkae nyuma ya ukuta na kuumwagia mtungi maji upoe.

Kizimamoto cha poda cha kilo 6 huisha kwa sekunde 15 hadi 20 tu. Simameni hatua tatu au nne kutoka motoni, upepo ukiwa mgongoni, mlenge chini ya ndimi na kupangusa kulia na kushoto. Wengi hukamata mkono wa kubonyeza huku wanachomoa pini. Pini hukaza, wakadhani kizimamoto kibovu. Wengine hugeuka na kuondoka mara moshi ukipungua. Rudini kinyumenyume, macho motoni. Mafuta ya kukaangia yakiwaka, msitie maji hata kikombe: zimeni jiko, funikeni karai kwa mfuniko na muuache hapo mpaka karai lipoe.

Nyumba ya makuti iliyokwisha kushika haiokoleki, na kuipigania ni kupoteza maji. Okoeni inayofuata upande upepo unakoelekea, kusini wakati wa kaskazi na kaskazini wakati wa kusi. Pangeni mistari miwili, mmoja wa ndoo zilizojaa na mmoja wa ndoo tupu. Mstari mmoja hugongana. Wawili wenye upondo wenye kulabu wavute makuti ya ukingoni yaanguke chini.

Kisima ndicho kinachoua waokoaji. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani huacha hewa ya sumu isiyo na harufu, na mshumaa hauwezi kuionyesha: utawaka vizuri huku mtu anazimia. Hakuna kushuka bila vifaa vya kupumulia, hata aliye chini awe ndugu yako. Hili liwe sharti la kuingia kundini. Akiwa na fahamu, mteremshieni kamba yenye kitanzi kisichokaza, ajipitishe kwapani. Fanyeni zoezi kwa gunia la mchanga la kilo 50, na wekeni gunia jingine mdomoni mwa kisima, kwani jiwe huikata kamba.

Aliyeopolewa majini na hapumui apewe pumzi tano kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kina cha sentimita 5 hadi 6.

Kizimamoto kilichobonyezwa hata mara moja kijazwe upya. Poda hubaki kwenye vali na presha huvuja polepole, ingawa mshale siku hiyo bado uko kwenye kijani.